Ndege Imefutwa: Pesa, Vocha au Safari Nyingine?

Kabla ya kudai chochote, jua kwanza nani amefuta safari. Abiria akighairi mwenyewe, anabanwa na masharti ya tiketi aliyonunua. Shirika likifuta, hata tiketi ya bei ya chini iliyoandikwa kwamba nauli hairudishwi kwa kawaida hurudishwa. Kwa hiyo ukisikia fununu kwamba ndege haitaruka, usikimbilie kughairi. Subiri shirika litangaze lenyewe, maana ukiwahi kubonyeza, wewe ndiye utakayehesabiwa kuwa umeghairi.

Shirika likishatangaza, kwa kawaida utapewa njia tatu: pesa, vocha au ndege nyingine, na vocha ndiyo itakayonadiwa zaidi, pengine ikiongezewa thamani kidogo ili ivutie. Mimi naiweka mwisho. Vocha inakufunga kwa shirika moja, ina tarehe ya kuisha, na ina thamani tu iwapo shirika lenyewe litaendelea kuwepo. Jet Airways ya India iliposimamisha safari Aprili 2019, abiria waliokuwa wakiidai waliishia kwenye foleni ya wadai. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, mashirika mengi yaliwasukumia abiria vocha, hadi Tume ya Ulaya ikakumbusha kwamba anayechagua ni abiria.

Kati ya pesa na ndege nyingine, angalia bei ya leo. Tuseme ulinunua tiketi mapema kwa dola 700, na sasa kiti cha kesho kinauzwa dola 1,300. Ukichukua pesa zako na bado unalazimika kusafiri, dola 600 zinatoka mfukoni mwako. Isitoshe, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, anayesubiri kupangiwa ndege nyingine hupewa chakula, na hoteli pia ikibidi kulala. Ukishachagua kurudishiwa nauli, huduma hizo hukoma. Mwenye msiba au visa inayokaribia kuisha adai ndege nyingine. Asiye na haraka achukue pesa.

Sheria hiyo ya Ulaya, namba 261 ya mwaka 2004, ifikirie tangu siku ya kununua tiketi. Inalinda kila safari inayoanzia kwenye kiwanja cha Umoja wa Ulaya, ndege iwe ya nani. Ukielekea Ulaya, inakulinda ikiwa tu ndege ni ya shirika la huko. Mama anayetoka Dar es Salaam kwenda Amsterdam kwa KLM amelindwa kwenda na kurudi. Akipanda Kenya Airways kupitia Nairobi, sheria hiyo inamlinda wakati wa kurudi peke yake. Nauli inatakiwa irudishwe ndani ya siku 7. Juu yake kuna fidia, euro 600 kwa safari inayozidi kilomita 3,500, isipokuwa abiria alijulishwa wiki mbili kabla, au chanzo ni jambo lisiloepukika kama hali mbaya ya hewa. Ikiwa tofauti ya nauli kati ya mashirika hayo mawili ni dola 50 tu, mimi ningelipa hizo 50.

Marekani hakuna fidia ya namna hiyo. Lakini kwa safari za kwenda, kutoka au ndani ya nchi hiyo, ndege ikifutwa nawe ukakataa mbadala, pesa zinarudi ndani ya siku 7 za kazi ukiwa ulilipa kwa kadi ya mkopo, na siku 20 kwa malipo mengine.

Na ukighairi mwenyewe? Tiketi inayoruhusu kurudishiwa ni ghali zaidi, na inafaa kwa mtu ambaye visa yake haijatoka. Mwenye safari ya uhakika anunue ya bei nafuu. Hata hiyo, ghairi kabla ndege haijaondoka: kuna kodi na tozo za kiwanja ambazo mara nyingi unaweza kuzidai, na asiyetokea kabisa huweza kufutiwa hata kiti cha kurudi.

Ukinunua kwa wakala unaweza kupata bei nzuri na mtu wa kumpigia simu, lakini pesa zikirudi hupita kwake, na ada yake huenda isirudi. Muulize hilo kabla ya kulipa. Ukilipa kwa kadi, unaweza kupinga malipo kupitia benki. Ukilipa taslimu, wa kumfuata ni yule uliyempa pesa.

Dai kwa maandishi, ukitaja namba ya tiketi na tarehe uliyojulishwa. Shirika likinyamaza, peleka lalamiko kwa mamlaka ya usafiri wa anga: Tanzania TCAA, Kenya KCAA. Kwa safari ya Ulaya, andika 261/2004 kwenye mstari wa kwanza wa barua.