Mwarobaini: Yaliyothibitishwa na Yasiyothibitishwa

Kinyangiri, kama kwingineko mkoani Singida, mwarobaini ni mti wa kivuli na wa dawa. Jina lake lina ahadi ndani yake: kwamba hutibu maradhi arobaini. Katika makala haya tunaeleza ni wapi ahadi hiyo imethibitishwa, na ni wapi yafaa kuwa na hadhari.

Asili ya mti huu ni Bara Hindi na nchi jirani. Huko waganga wa Ayurveda wameutumia kwa karne nyingi, na wakulima huchanganya majani yake makavu na nafaka ili kuwafukuza wadudu. Sayansi ya kisasa ilipouchunguza, ilipata katika mbegu zake kemikali iitwayo azadiraktini, ambayo huwazuia wadudu kula na kukua. Hapo maarifa ya wazee na kipimo cha maabara vilikubaliana.

Maarifa hayo yana thamani hata mbele ya sheria. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya kutumia mafuta ya mwarobaini dhidi ya ukungu wa mimea. Hataza hiyo ilipingwa, ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikakataliwa mwaka 2005, kwa kuwa matumizi hayo hayakuwa mapya: yalikwisha kujulikana India.

Hata hivyo, kukubaliana katika jambo moja si kukubaliana katika yote. Dondoo za mwarobaini zimedhoofisha vimelea vya malaria ndani ya maabara, lakini chupa ya maabara si mwili wa mgonjwa. Maji ya majani yake hayajathibitishwa kuwa tiba ya malaria. Mtoto mwenye homa anayenyweshwa maji hayo huku siku zikipita, anaweza kufikia malaria kali. Mafuta ya mbegu ni hatari zaidi: watoto wachanga walionyweshwa wamewahi kupata degedege, na wengine kufariki.

Kwa hiyo tunakushauri:

1. Homa ikianza, nenda kituo cha afya ukapimwe siku hiyo hiyo.
2. Usimnyweshe mtoto mafuta ya mwarobaini. Mama mjamzito asitumie dawa ya mti huu bila ushauri wa mhudumu wa afya.
3. Unaponunua dawa ya asili, dai lebo yenye jina la mtengenezaji, viambato, kiasi cha kutumia na tarehe ya mwisho wa matumizi.
4. Muulize mganga cheti cha usajili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalowasajili.
5. Mweleze mhudumu wa afya kila dawa ya mitishamba unayotumia.

Uchungu wa dawa si kipimo cha nguvu yake. Tuyaheshimu maarifa ya wazee, nasi tuyapime kabla ya kuyakabidhi maisha yetu.