Safari ya Theluji Kutoka Queensburgh: Maandalizi ya Kufika Kileleni na Kurudi Salama

Theluji haijulikani Queensburgh. Hata hivyo, kati ya mwezi wa Juni na Agosti familia na vikundi vya vijana hushika barabara ya N3 kuelekea milima ya Drakensberg, ambayo kwa Kizulu huitwa uKhahlamba, na wengine huvuka hadi Lesotho kuteleza kwa ski. Kipeperushi hiki kimeandaliwa kwa ajili ya wale wanaokusudia kutoka nje ya uwanja wa michezo na kupanda kwa miguu yao, au kwa ski zilizobandikwa vitambaa vya kuzizuia zisirudi nyuma, hadi kileleni. Aliye katika kituo cha ski kama Afriski ana mashine ya kumpandisha na watu wa kumwokota akianguka. Mpanda kilele hana.

Safari inayotajwa mara nyingi ni ile ya Thabana Ntlenyana, mlima wenye mita 3,482, mrefu kuliko yote kusini mwa Afrika. Huanzia juu ya Sani Pass, kwenye mita 2,876, na kwenda na kurudi huchukua siku nzima hata pasipo theluji. Umbo la mlima huo ni la kudanganya. Hauna majabali ya kutisha. Ni miinuko ya nyasi inayofuatana, na ukungu ukishuka kila kilima hufanana na mwenzake.

Kimo na pumzi

Wengi wa wasomaji wa lugha hii wanaufahamu Kilimanjaro, na wanajua kwamba wapagazi na waongozaji wake huwahimiza wageni waende pole pole, kwa siku kadhaa. Anayetoka Queensburgh hufanya kinyume chake: alfajiri yuko chini ya mita 400, na kabla ya adhuhuri yuko karibu mita 2,900. Kileleni hewa ina takriban theluthi mbili tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Kulala usiku mmoja juu ya Sani Pass kabla ya kupanda ni tahadhari yenye thamani kuliko kifaa chochote kinachouzwa dukani.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida ni dalili za ugonjwa wa mwinuko. Mwenye dalili hizo asipande zaidi. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hali ameketi, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku.

Wenye ugonjwa wa selimundu wanastahili kutajwa peke yao, kwa kuwa ugonjwa huo unapatikana kwa wingi katika jamii za Afrika ya Mashariki na Kongo. Baridi, upungufu wa maji na upungufu wa oksijeni vyote vyaweza kuanzisha maumivu makali ya ugonjwa huo. Wao, pamoja na wajawazito na wenye maradhi ya moyo au pumu, wamwone muuguzi au daktari kabla ya kulipia safari, si baada yake.

Hali ya hewa

Siku yenye upepo wa joto mjini Durban katikati ya majira ya baridi hufurahisha watu, lakini mara nyingi upepo huo utokao bara hutangulia hewa baridi inayokuja kutoka kusini-magharibi. Kwa hiyo joto la ghafla Queensburgh si ruhusa ya kuondoka. Mpangaji wa safari asome utabiri wa milimani wenyewe, na azingatie maonyo ya Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Kusini, ambayo hutolewa kwa rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Mnamo Septemba 2024, wakati ambapo wengi walidhani majira ya baridi yamekwisha, theluji nzito iliifunga N3 upande wa Van Reenen, na wasafiri wengi walilala ndani ya magari yao.

Katika hali hiyo gari lenyewe laweza kuua. Theluji ikiziba bomba la moshi huku injini ikinguruma, hewa ya sumu isiyo na harufu huingia ndani. Vivyo hivyo jiko la mkaa halifai kabisa ndani ya hema, gari au chumba kilichofungwa, hata likionekana limekwisha kuwaka.

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Nyuzi 20 za pwani huwa chini ya sifuri kileleni, kabla ya kuhesabu upepo. Nguo za pamba hushika jasho na kumpoza mvaaji. Sufu au kitambaa cha kukauka haraka ni bora, na juu yake koti lisilopitisha upepo. Miwani ya jua si ya urembo, kwani mwanga unaorudishwa na theluji huunguza macho.

Anayepoteza joto la mwili kwanza hutetemeka, kisha hudondosha vitu, hujikwaa na kusema kwa ulimi mzito. Kutetemeka kukikoma pasipo yeye kupata joto, hali imekuwa mbaya. Avuliwe nguo mbichi, atengwe na ardhi kwa mkeka au begi, afunikwe pamoja na kichwa, na apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa ana fahamu. Asisuguliwe mikono na miguu, wala asipewe pombe.

Saa, mpaka na msaada

Mwezi wa Juni jua huzama muda mfupi baada ya saa 11 jioni. Kikundi kipange mapema saa ya kugeuka, kwa mfano saa 7 mchana, na kigeuke saa hiyo hata kilele kikionekana karibu. Mpaka wa Sani Pass hufungwa saa 12 jioni, yaani 18:00 kama ilivyoandikwa kwenye mabango. Thabana Ntlenyana iko ndani ya Lesotho. Kibali cha mwomba hifadhi si hati ya kusafiria, na mwenye nacho achague kilele cha upande wa Afrika Kusini.

Miteremko mikali iliyorundikwa theluji na upepo yaweza kuporomoka, na barafu ngumu haisimamishi ski wala buti. Asiye na kucha za chuma za viatu na shoka la barafu, na ujuzi wa kuvitumia, azunguke au arudi.

Katika hifadhi za Drakensberg kuna daftari la uokoaji: kikundi kiandike njia, majina na siku ya kurudi, na nakala ibaki kwa jirani au ndugu aliyeko Queensburgh. Kwa dharura upande wa Afrika Kusini, piga 112 kwa simu ya mkononi, au 10177 kwa gari la wagonjwa. Mabondeni mawasiliano hukatika, hivyo huenda mtu akalazimika kupanda mgongo wa kilima ili apige simu. Anayehofia kuomba msaada kwa sababu ya karatasi zake ajue kwamba Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27(3), inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.