Mlima Katika Ramani ya Mchezo: Ulinganisho wa Matoleo ya Civilization

Utangulizi

Asubuhi isiyo na mawingu, mkazi wa Kerugoya huviona vilele vya Mlima Kenya upande wa kaskazini, kimojawapo kikiwa Batian chenye urefu wa mita 5,199. Mito ya Thiba na Nyamindi huteremka kutoka huko hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea. Miteremko yenyewe, ambayo udongo wake ulitokana na volkano iliyozimika, hustawisha chai na kahawa. Katika imani ya jadi ya Wagikuyu, mlima huo, Kirinyaga, ni makao ya Ngai. Kwa wenyeji, basi, mlima ni maji, ni rutuba na ni ibada.

Makala haya yanachunguza jinsi mlima ulivyochukuliwa katika Civilization, mfululizo wa michezo ya kompyuta ya mkakati ulioanzishwa na Sid Meier mwaka 1991. Mchezaji hupewa taifa changa, akalikuza zamu baada ya zamu kutoka enzi za kale hadi zama za vyombo vya angani. Ramani imegawanywa katika vipande, na kila kipande hutoa chakula, mali au nguvu ya uzalishaji. Kanuni hizo ni kama sarufi: huamua kipi kinaweza kusemwa na kipi hakisemeki. Anayeamua kwamba kipande fulani hakizai kitu ametoa kauli kuhusu ulimwengu.

Kutoka machimbo hadi ukuta

Katika matoleo matatu ya kwanza (1991, 1996 na 2001), mlima ulipitika kwa taabu na ulifaa hasa kuchimbwa madini. Toleo la nne, la mwaka 2005, liliuondolea hata faida hiyo. Kilele hakikupitika wala hakikuzaa chochote. Kilikuwa ukuta tu.

Hapa pana kinaya kinachostahili kuzingatiwa na wanafunzi wa Kiswahili. Toleo hilo ndilo linalofunguliwa kwa wimbo "Baba Yetu", ambao Mmarekani Christopher Tin aliutunga kwa kutumia Sala ya Bwana katika Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukiwa wa kwanza kupata tuzo hiyo miongoni mwa tungo zilizotungiwa mchezo wa kompyuta. Hivyo, toleo lililoimba kwa Kiswahili ndilo lililoufanya mlima kuwa bubu.

Mlima wapata sauti

Toleo la tano (2010) liliacha miraba na kuchukua vipande vyenye pembe sita. Mlima haukupitika na majeshi mengi, lakini mji uliojengwa kando yake uliweza kuwa na kituo cha kuchunguzia nyota na kuongeza elimu yake.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitokea katika toleo la sita (2016). Mahali patakatifu palipojengwa karibu na mlima palizidisha imani, nalo eneo la elimu lilizidisha maarifa. Aidha, mchezaji aliweza kuchimba mfereji wa kuleta maji mjini kutoka mlimani. Nyongeza ya mwaka 2019, Gathering Storm, ilileta volkano ambazo huharibu zinapolipuka, kisha huacha ardhi yenye rutuba. Maji, rutuba na ibada, mambo yale matatu ya Kirinyaga, yakawa yameingia katika kanuni. Katika toleo la saba (2025), majengo ya utamaduni na ya furaha hunufaika yakiwa kando ya mlima.

Hata hivyo, sauti hiyo haikuwafikia wote kwa usawa. Kilimanjaro ni miongoni mwa maajabu ya asili ya toleo la sita, na huongeza chakula katika vipande vinavyouzunguka. Mlima Kenya haumo. Zanzibar imo kama mji mdogo wa biashara, ambao anayeupata urafiki wake hujipatia mdalasini na karafuu. Si taifa ambalo mchezaji anaweza kuliongoza.

Hitimisho

Ulinganisho huu unadhihirisha kwamba matoleo hayatofautiani kwa uzuri wa picha pekee. Yanatofautiana kwa yale yanayoyahesabu kuwa na thamani, na kilichokuwa ukuta mwaka 2005 kilikuwa chemchemi mwaka 2016. Kanuni hubadilika kwa sababu wapo wanaozitunga upya.

Kiswahili nacho kimebaki mlangoni: kiliimbwa wakati wa kufungua mchezo, lakini maelezo na maagizo yake hayakutolewa kwa lugha hiyo. Kuyafasiri kunahitaji istilahi za zamu, kipande, mpaka na enzi, na nyingi kati ya hizo tayari zimo vinywani mwa wacheza bao na wakulima wa miteremkoni. Kazi ya kuzikusanya na kuzisanifisha haimsubiri mtunzi wa Marekani. Inawahusu wanaosoma lugha hii vyuoni.