Leseni ya Mmoja, Ulimi wa Mwingine

Katika mahakama za nyumba za Massachusetts, Marekani, si ajabu kumwona mwanafunzi wa sheria akisimama mbele ya jaji na kutamka kwamba anamwakilisha mpangaji. Hajahitimu, hana leseni ya uwakili, na huenda suti aliyovaa ameinunua kwa ajili ya siku hiyo. Pembeni yake ameketi wakili mzoefu, kimya, kalamu mkononi. Ukimwondoa mpangaji mwenyewe, hakuna aliye na cha kupoteza zaidi ya huyo aliyenyamaza. Kijana akiboronga, atakayeitwa kujieleza ni yeye.

Jambo hili lina chanzo chake. Hukumu ya Gideon dhidi ya Wainwright ya mwaka 1963 iliyalazimisha majimbo ya Marekani kumpa wakili mshtakiwa wa kosa kubwa la jinai asiye na uwezo wa kumlipa. Kesi za madai hazikupata bahati hiyo. Mwaka 1981, katika kesi ya Lassiter, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hata mzazi anayekaribia kupoteza haki zote juu ya mtoto wake hana uhakika wa kupewa wakili. Kila kesi itatazamwa kivyake. Ndiyo maana mpangaji anayefukuzwa kwa kudaiwa kodi mara nyingi hujikuta peke yake mbele ya wakili wa mwenye nyumba.

Vyuo viliingia katika pengo hilo mapema. Wanafunzi wa Harvard walifungua ofisi yao ya msaada wa kisheria mwaka 1913, na ingali inafanya kazi. Mwaka 1969 Chama cha Wanasheria cha Marekani kilitoa kanuni ya mfano kwa majimbo: mwanafunzi awe amemaliza mihula 4, mkuu wa kitivo amthibitishe, mteja akubali kwa maandishi, na wakili msimamizi abebe dhamana binafsi kwa kazi yote ya mwanafunzi. Sharti hilo la mwisho ndilo zito.

Uzito wake unaonekana vizuri kwenye jalada. Chukulia mpangaji anayedaiwa kodi ya dola 2,400. Mwanafunzi anamhoji saa nzima kuhusu kazi aliyoachishwa, watoto na ugonjwa, anaandika kurasa kadhaa za huruma, kisha anazipeleka kwa msimamizi. Msimamizi anasoma na kuuliza swali moja: alipohamia alitoa amana? Mwanafunzi hajui. Anarudi kwa mteja, na kumbe alitoa dola 1,200 ambazo mwenye nyumba alizitia mfukoni.

Hapo kesi inageuka. Sheria ya Massachusetts inamtaka mwenye nyumba kuiweka amana katika akaunti ya peke yake yenye riba, ndani ya benki ya jimbo hilo, na kumpa mpangaji risiti ndani ya siku 30. Asipoiweka hivyo, akadaiwa airudishe na akakaidi, anaweza kuamriwa kulipa mara 3. Dola 3,600 zinaifunika kodi yote inayodaiwa, na mahakama ya juu ya jimbo ilikubali mwaka 2016 kwamba dai la amana linaweza kutumiwa kujikinga dhidi ya kufukuzwa. Yote hayo msimamizi aliyajua tangu ukurasa wa kwanza. Angeweza kuyaandika mwenyewe kwa dakika 10, lakini aliuliza, kwa sababu mwanafunzi aliyetafuniwa kila kitu hatakumbuka kuuliza habari za amana kwa mteja wake wa pili.

Kwa hiyo usimamizi mwingi hufanyika kabla ya siku ya kesi. Msimamizi anajifanya wakili wa upande wa pili, anampiga mwanafunzi maswali ya dodoso, anaweka pingamizi za hila na kumwacha ajikwamue. Kule ofisini makosa yanavumilika.

Mahakamani ni habari nyingine. Pingamizi iliyosahaulika au swali lililopangwa vibaya linaweza kurekebishwa palepale. Kikaratasi kilichosukumwa mezani kinatosha. Hatari iko zaidi ukumbini nje, ambako kesi nyingi za nyumba huishia kwa mapatano ya haraka. Wakili wa mwenye nyumba anamwonyesha kijana karatasi na kumwambia kwamba kila mtu huisaini. Mapatano yakishatiwa saini na kukubaliwa na jaji, kuyafuta ni kazi ngumu. Hapo msimamizi anayeendelea kunyamaza kwa jina la elimu anamkosea mteja, ambaye hakuja kuwa somo la mtu.

Shinikizo jingine hutoka nje kabisa. Miaka ya 1990 wanafunzi wa kliniki ya sheria ya mazingira, yaani ofisi ya msaada wa kisheria ya chuo cha Tulane, Louisiana, waliwatetea wakazi wa St. James waliopinga kiwanda cha plastiki cha kampuni ya Shintech. Gavana Mike Foster alikasirika, wafanyabiashara wakalalamika, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya jimbo ikabana kanuni zake za uwakilishi wa wanafunzi, ikiweka vipimo vikali vya umaskini kwa vikundi ambavyo wanafunzi wanaweza kuvitetea. Mwaka huohuo Shintech ilihamishia mpango wake kwingine. Wanafunzi, kwa maneno mengine, walikuwa wameifanya kazi yao vizuri kupita matarajio.

Huku kwetu Afrika Mashariki kliniki za vyuo zipo pia, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ya mwaka 2016 inavitaja vyuo vikuu miongoni mwa watoa msaada. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ila bila ruhusa ya kumwakilisha mtu mahakamani. Watakaotaka wanafunzi wetu wafunguliwe mlango huo waanze na hesabu ya mawakili: nani atasimamia, majalada mangapi, na kwa mshahara wa nani.

Na wewe unayepokelewa na mwanafunzi katika kliniki ya chuo, omba kumjua wakili anayemsimamia, uliza kama atakuwapo siku ya kesi, na usisaini mapatano yoyote kabla hajayasoma.