Chuo mtandaoni: Hakuna anayeita majina, na hapo ndipo mwanafunzi mpya hupotea

Kwenye chuo cha kawaida, mwanafunzi akikosekana wiki mbili lazima kuna mtu atauliza. Mwenzake wa hosteli ataona kitanda hakijalaliwa, kiongozi wa darasa atapiga simu, mhadhiri ataona kiti kitupu. Kwenye chuo cha mtandaoni, mtu anaweza kukaa mwezi mzima bila kuingia kwenye mfumo na asishtuke yeyote. Ada imelipwa, jina lipo kwenye orodha, lakini masomo yameshamwacha.

Mara nyingi kinachomkwamisha mwanafunzi wa aina hii si ugumu wa masomo. Ni muda ambao haukupangwa, bando lililoisha usiku wa kukusanya kazi, na aibu ya kuuliza. Yote matatu yanaweza kushughulikiwa mapema, kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Haya ndiyo mambo ya kuweka sawa.

Chuo kinatambulika?

Kusoma bila kukaa chuoni si jambo jipya. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka UNISA ya Afrika Kusini mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Kenya nayo ina Open University of Kenya, iliyopewa hati yake Agosti 2023 na inayofundisha kwa njia ya mtandao.

Kwa hiyo swali la kuuliza si kama masomo ya mtandaoni yana thamani. Swali ni kama chuo husika, na kozi husika, vinatambuliwa na mamlaka. Tanzania kazi hiyo ni ya TCU, Kenya ni CUE, Uganda ni NCHE. Chuo kinaweza kuwa halali huku kozi moja ikiwa bado haijaidhinishwa, hivyo vyote viwili vinahitaji kuangaliwa. Anayejiunga na chuo cha nje ya nchi aulize mapema kama cheti chake kitatambuliwa nyumbani, maana kuuliza baada ya miaka mitatu ni kuchelewa.

Malipo pia yana tahadhari yake. Ada ya chuo cha umma Tanzania hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile inayoanza na 99. Mtu akijitambulisha kuwa afisa udahili na kutaka ada itumwe kwenye namba yake ya simu "ili nafasi isipotee", huyo ni wa kukwepwa.

Kupata nafasi si kusajiliwa

Hapa wengi huteleza. Barua ya kukubaliwa chuoni haimaanishi kwamba mwanafunzi tayari ameanza. Kwa kawaida kuna hatua tatu: kukubali nafasi, kulipa kiwango cha ada kinachotakiwa, kisha kujisajili kwa kila somo la muhula huo. Anayesahau hatua ya tatu anaweza kusoma muhula mzima na jina lake lisionekane kwenye orodha ya mitihani.

Vyuo vingi vina mifumo miwili tofauti. Mmoja ni wa usajili, ada na matokeo. Mwingine ni wa masomo yenyewe, wenye maelezo, video, kazi na majadiliano. Moodle ni mmoja wa mifumo ya masomo inayotumika sana duniani, na vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinautumia. Mwanafunzi anayeingia kwenye mfumo wa kwanza tu atakuta ada yake imesoma vizuri na kudhani mambo yako sawa, kumbe kazi ya kwanza imeshatolewa kule kwenye mfumo wa pili.

Siku ya kwanza itumike kuingia kwenye mifumo yote miwili, kubadili neno la siri na kufungua baruapepe ya chuo. Baruapepe hiyo iwekwe kwenye simu ili taarifa zake zionekane kama ujumbe wa kawaida, kwa sababu mabadiliko ya tarehe za mitihani hutumwa huko. Jina nalo lihakikiwe herufi kwa herufi lilingane na vyeti vya sekondari. Kosa la herufi moja hurekebishwa kirahisi mwanzoni kuliko wakati wa kuhitimu.

Hesabu ambayo wengi hawaipigi

Watu husema masomo ya mtandaoni ni mepesi kwa sababu mtu anasoma akiwa na kazi yake. Namba zinasema vingine.

Katika mfumo wa vyuo vikuu Tanzania, krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza. Humo ndani kuna vipindi, kusoma, kufanya kazi na kujiandaa na mtihani. Shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360. Hizo ni saa 3,600.

Anayepata saa 10 kwa wiki atahitaji wiki 360, yaani karibu miaka saba bila kupumzika hata wiki moja. Anayepata saa 20 atahitaji wiki 180, takribani miaka mitatu na nusu. Saa 20 maana yake ni saa mbili kila usiku Jumatatu hadi Ijumaa, kisha saa tano Jumamosi na tano Jumapili. Kwa mtu mwenye kazi, watoto na safari ya daladala asubuhi na jioni, hiyo si kazi ndogo.

Tuchukue muhula mmoja. Somo la krediti 10 ni saa 100. Muhula ukiwa wa wiki 15, somo hilo linataka karibu saa saba kila wiki. Masomo manne ni karibu saa 27. Mtu ambaye kwa kweli ana saa 14 tu anaweza masomo mawili. Akichukua manne, anaweza kujikuta anafeli mawili na kuyarudia, na kwa kawaida kurudia kuna gharama yake.

Ndiyo maana ni busara muhula wa kwanza kuanza na masomo machache, kama chuo kinaruhusu. Cha kuuliza kabla ya kusajili ni hiki: idadi ya chini ya masomo kwa muhula ni ngapi, na muda wa juu wa kumaliza kozi ni miaka mingapi? Anayepata mkopo wa elimu ya juu aulize pia kama kupunguza masomo kutagusa mkopo wake.

Simu inatosha?

Kwa kusoma maelezo, kusikiliza kipindi na kujibu kwenye majadiliano, simu janja inatosha. Kwa kuandika kazi ya kurasa kumi yenye marejeo na majedwali, simu itamtesa mtu. Si lazima kununua kompyuta siku ya kwanza. Maktaba ya mkoa, ofisi ya ndugu baada ya saa za kazi, au kituo cha chuo kilichopo karibu vinaweza kusaidia. Chuo Kikuu Huria, kwa mfano, kina vituo vya mikoani. Muhimu ni kujua mapema kompyuta itapatikana wapi na siku gani.

Kinachoumiza zaidi ni bando. Saa moja ya kipindi cha Zoom chenye video inaweza kula zaidi ya MB 500. Maelezo yaleyale yakiwa kwenye PDF yanaweza kuwa MB chache tu. Mwanafunzi mwenye bajeti ndogo anaweza kuzima kamera yake na kubaki na sauti, kupakua PDF za wiki nzima kwa mkupuo pale penye Wi-Fi, na kuangalia video kwa ubora wa chini. Kipindi kikirekodiwa, sehemu ngumu ndiyo ya kurudia, hakuna haja ya kuanza mwanzo.

Kingine ni saa ya mwisho ya kukusanya kazi. Mfumo ukifunga saa 5:59 usiku, umefunga. "Mtandao ulikatika" ni sababu ambayo wahadhiri wameisikia mara nyingi. Saa ya mwanafunzi iwe ya jana yake: kazi ya Ijumaa ipakiwe Alhamisi, na picha ya skrini inayoonyesha imepokelewa itunzwe.

Mitihani nayo iulizwe mapema. Vyuo vingine humtaka mwanafunzi afike kituoni, vingine humsimamia kwa kamera ya kompyuta. Anayeishi wilayani mbali na kituo anahitaji kupanga nauli na ruhusa kazini kabla ratiba haijatoka.

Kimya kinakula maksi

Darasani, mwanafunzi mkimya anayesikiliza anaonekana yupo. Mtandaoni, asiyeandika hayupo. Masomo mengi hutoa maksi kwa kushiriki kwenye majadiliano, na "Nakubaliana na mwenzangu" haimsaidii mtu. Mchango mzuri unaweza kuwa na sentensi tano tu: hoja moja, mfano kutoka kazini au mtaani, na swali kwa wengine. Muuza duka anayesoma biashara ana mifano mingi kuliko kitabu, aitumie.

Lugha huwafunga wengi midomo, kwa kuwa masomo mengi ya chuo ni kwa Kiingereza. Njia inayosaidia ni kulielewa jambo kwanza kwa Kiswahili na wenzake kwenye kikundi kidogo, kisha kuliandika kwa Kiingereza rahisi. Sentensi fupi iliyo sahihi ni bora kuliko ndefu iliyokopwa mahali.

Kumwandikia mhadhiri pia kuna namna yake. Ujumbe wa "Dokta mambo, sijaona maksi zangu" unamwacha mhadhiri mwenye wanafunzi mamia akijiuliza huyu ni nani. Ujumbe unaojibiwa haraka una salamu ya heshima, jina kamili, namba ya usajili, jina la somo na swali moja lililo wazi. Siku kadhaa zikipita bila jibu, kumkumbusha kwa upole si utovu wa adabu.

Kuhusu kunakili, programu kama Turnitin hulinganisha kazi ya mwanafunzi na kurasa za mtandaoni pamoja na kazi nyingine zilizowahi kupakiwa. Kazi moja ikizunguka kwenye kundi la WhatsApp na watu kumi wakabadilisha jina tu, wote kumi wana kesi. Kwa akili bandia kama ChatGPT, kanuni hutofautiana kati ya chuo na chuo, hata somo na somo. Zisomwe kwenye mwongozo wa somo husika.

Nyumbani nao waambiwe

Hili halimo kwenye mwongozo wa chuo, lakini ni kubwa. Mtu aliyebeba daftari kwenda chuoni anaheshimiwa kuwa anasoma. Mtu aliyekaa sebuleni ameshika simu anaonekana anachati. Mama ataita amtume dukani, watoto watataka katuni, mwenzi wake ataona anapuuzwa.

Inafaa kukaa na familia mapema na kutaja saa zenyewe: "Kuanzia saa tatu hadi saa tano usiku nipo darasani." Ratiba ikibandikwa ukutani inasaidia, hata watoto wanaielewa. Kwa wanawake wengi ambao shughuli za jioni zote zinawaangukia wao, mazungumzo haya ni pamoja na kuuliza nani atapika siku za kipindi. Bila jibu la swali hilo, zile saa 20 zinabaki kwenye karatasi.

Mtu mmoja wa kuulizia

Kundi la WhatsApp la darasa lenye watu 200 ni zuri kwa matangazo, lakini mtu akipotea humo haonekani. Mwanafunzi mpya anahitaji wenzake wawili au watatu wa somo lilelile, na siku moja ya wiki ya kupigiana simu kwa dakika 15: nani amefika wapi, kazi gani inakuja, nani amekwama. Kazi ya kikundi hicho ni ileile ya kiongozi wa darasa, kuona nani hayupo na kumtafuta.

Na ikitokea mambo yamezidi, mathalani ugonjwa, msiba, kujifungua au kazi mpya, vyuo vingi vina utaratibu rasmi wa kuahirisha masomo. Kunakuwa na fomu na tarehe ya mwisho ya kuomba. Aliyeahirisha rasmi ana njia ya kurudi alipoishia. Aliyenyamaza anaweza kurudi na kukuta sifuri, deni la ada, au jina lake limefutwa. Ofisi inayohusika na wanafunzi ijulikane wiki ya kwanza, kabla shida haijaja.

Kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza, mwanafunzi awe na:

- uthibitisho kwamba amesajiliwa kwa kila somo, si kukubaliwa tu;
- baruapepe ya chuo inayofunguka kwenye simu;
- tarehe zote za kazi na mitihani zikiwa kwenye kalenda;
- saa za kusoma ambazo nyumbani wanazijua;
- mahali pa kupata kompyuta;
- kazi moja iliyokusanywa kabla ya siku ya mwisho;
- namba za wenzake wawili watakaomtafuta akinyamaza.

Ambaye bado ana pengo kwenye orodha hii aanze na hilo la mwisho. Hayo mengine ni rahisi kuyauliza ukiwa na mtu wa kumuuliza.