Tibamtandao na Lugha ya Tumbo: Ufuatiliaji wa Wagonjwa wa Maradhi Sugu ya Matumbo

Makala haya yanaeleza jinsi tibamtandao, yaani utoaji wa huduma za matibabu kupitia simu na intaneti, inavyotumiwa kuwafuatilia wagonjwa wenye maradhi sugu ya matumbo, na kwa nini suala hilo linawahusu wanaoishughulikia lugha.

Maradhi yanayokusudiwa ni mawili: ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushambulia sehemu yoyote ya njia ya chakula, na kolaitisi ya vidonda, ambayo hukaa katika utumbo mpana. Katika yote mawili kinga ya mwili huugeukia utumbo wenyewe, ukavimba na kufanya vidonda. Hakuna dawa ya kuyaondoa kabisa. Hutulia kwa miezi au miaka, kisha yakazuka tena: kuhara, damu katika kinyesi, maumivu, uchovu, kukonda. Hivyo mgonjwa hufuatiliwa maisha yake yote. Aghalabu ratiba ya kliniki haiafikiani na mwendo huo. Mgonjwa huweza kuitwa siku aliyo buheri wa afya, na maradhi yakazuka wiki mbili baadaye, ilhali miadi ijayo ni ya baada ya miezi sita.

Nchini Uholanzi, pengo hilo lilijaribiwa kuzibwa kwa mfumo uitwao myIBDcoach. Utafiti wake, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017, uliwahusisha wagonjwa 909 wa hospitali 4. 465 walitumia mfumo huo na 444 wakaendelea na huduma ya kawaida. Kila mwezi mgonjwa wa kundi la kwanza alijibu maswali kuhusu hali ya tumbo, dawa alizotumia, lishe, uchovu na msongo wa mawazo. Maradhi yalipozuka, alijibu kila wiki. Majibu yakiashiria hatari, muuguzi alipata taarifa akawasiliana naye. Baada ya miezi 12, wastani wa ziara za kliniki ulikuwa 1.55 kwa kila mgonjwa, dhidi ya 2.34 katika kundi la pili. Wastani wa kulazwa hospitalini ulikuwa 0.05 dhidi ya 0.10.

Ifahamike kwamba maradhi hayakuzuka mara chache zaidi. Kilichopungua ni safari na kulazwa. Nchini Marekani, utafiti wa wagonjwa 348 uliochapishwa mwaka 2019, ambamo maswali yalipelekwa kwa ujumbe mfupi wa simu, nao haukuonyesha kwamba maradhi yalitulia zaidi kuliko chini ya huduma ya kawaida. Anayeisifu tibamtandao kana kwamba ni dawa amekosea. Haipapasi tumbo, haitoi damu, wala haipitishi kamera katika utumbo. Mwenye homa kali, tumbo lililofura au damu nyingi hana budi kwenda hospitalini.

Sharti moja la kushiriki katika utafiti wa Uholanzi ni rahisi kupuuzwa: mshiriki alipaswa kuwa na intaneti na kukijua Kiholanzi. Sharti hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika chumba cha daktari, neno likikosekana, mkono huelekezwa panapouma. Katika simu, neno ndilo mwili wenyewe.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliitambua afya ya kielektroniki kuwa njia mojawapo ya kutoa huduma. Ni haki basi kuuliza maswali ya namna hiyo yangekuwaje kwa Kiswahili. Chukua swali linaloonekana jepesi: "Umeenda choo mara ngapi leo?" Choo ni mahali na ni kinyesi pia, tena aliyekwenda haja ndogo naye amekwenda choo. Anayejibu "mara nane" amesema nini? Tumbo nalo lina mipaka mipana: tumbo la chakula, tumbo la uzazi, tumbo lote kwa ujumla. Kwa upande mwingine, Kiswahili ni tajiri katika maumivu. Tumbo husokota, hukata, hunguruma, hujaa; na daktari makini angenufaika kwa kuzijua tofauti hizo. Lakini ile hali ya kubanwa na haja, mtu akakimbilia msalani asitoe kitu, haina neno moja lililozoeleka. Yafaa ielezwe kwa sentensi nzima.

Kisha kuna tafsida. Adabu humfunza msemaji kusema "kujisaidia" au "tumbo limechafuka", na adabu hiyo hiyo huficha damu ambayo muuguzi anaitafuta. Hata hivyo, skrini yaweza kuwa na stara yake. Kijana asiyethubutu kumtamkia daktari wa rika la mamaye kwamba hawezi kujizuia, huenda akaliandika, maadamu simu ni yake peke yake. Penye simu ya nyumba nzima, stara hiyo haipo.

Tafsiri ya sisisi haitoshi hapa. Maswali hutafsiriwa, mtafsiri mwingine akayarejesha katika lugha asilia, matini mbili zikalinganishwa. Baadaye wagonjwa wachache husomewa kila swali, na kila mmoja huombwa aseme kwa maneno yake mwenyewe anaulizwa nini.