Kabla ya kulipia programu ya PDF, ijaribu kwa mkataba wako

Chaka, katika Kaunti ya Nyeri nchini Kenya, si tena kituo cha kushukia abiria wawili watatu kati ya Kiganjo na Naro Moru. Barabara ya Nyeri–Nanyuki inapita katikati yake, treni ya Nanyuki ilirejea mwaka 2020 baada ya reli kukarabatiwa, soko limepanuka, na kando ya lami mabango ya ploti yanafuatana. Ardhi inapouzwa kwa wingi, makaratasi nayo huzaana. Kuna mkataba wa mauzo, cheti cha msajili kinachoonyesha mmiliki, mchoro wa mpimaji na kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Siku hizi nyingi ya hati hizo humfikia mnunuzi kwanza kwenye simu, zikiwa faili za PDF zilizotumwa kwa WhatsApp, kabla hajashika karatasi yoyote mkononi.

Si wauzaji wa mashamba pekee wanaoishi na faili hizo. Mwalimu wa shule ya msingi hupakua miundo ya mtaala ya taasisi ya KICD gredi kwa gredi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, upande wa barabara ya Mweiga, hupokea mihadhara na vitabu kwa umbo hilohilo. Wakili wa mjini Nyeri huwasilisha kesi mtandaoni, kwa mfumo ulioanza Nairobi mwaka 2020 na kuenezwa katika mahakama za nchi nzima mwaka 2024. Hata mwananchi anayetaka kujua kaunti imepanga nini hadi mwaka 2027 atalazimika kufungua PDF ya mamia ya kurasa.

Ndiyo maana kishikwambi kimeanza kuonekana pale ambapo zamani palikuwa na faili la kadibodi. Na ndiyo maana swali moja linarudi kila mara katika saiba na ofisi za miji ya Mlima Kenya: ni programu gani nzuri ya kuandika juu ya PDF na kuirekebisha?

Swali hilo halijibiki hadi lipasuliwe. Kuna kazi tatu tofauti zinazobebwa na jina moja la "kuediti PDF". Ya kwanza ni kuweka alama, yaani kupaka rangi mstari, kuzungushia neno, kuandika maoni pembeni. Ya pili ni kujaza fomu na kutia saini. Ya tatu ni kubadilisha hati yenyewe kwa kufuta sentensi, kurekebisha tarakimu, kuondoa ukurasa au kuunganisha faili mbili. Kazi ya kwanza hupatikana bure karibu kila mahali. Ya pili ni bure mara nyingi, lakini ina mitego ya kisheria. Ya tatu ndiyo inayouzwa, na wengi huilipia bila kuihitaji.

Sababu imo katika namna PDF ilivyoundwa. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Adobe ya Marekani, aliandika pendekezo aliloliita Camelot. Alitaka hati ionekane sawasawa kwenye mashine yoyote na kwenye printa yoyote. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1993, na mwaka 2008 PDF ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, ambacho kampuni yoyote inaweza kukifuata. Lengo lilikuwa kuugandisha ukurasa. Ndani ya faili, herufi huwekwa kwenye vipimo vya mahali pake, juu-chini na kushoto-kulia. Aya inayojua kusogea neno likiongezwa haimo. Anayetaka kuandika upya sentensi ndani ya PDF anapambana na kitu kilichobuniwa makusudi kisisogezwe.

Alama ni jambo jingine. Kiwango hicho kinaruhusu maoni na rangi zikae katika tabaka lake juu ya ukurasa, bila kuugusa ukurasa wenyewe. Ndiyo maana mwalimu anaweza kusahihisha kazi kwa wino mwekundu kisha akaufuta wino wote na kuacha maandishi ya mwanafunzi yakiwa salama. Hasara yake ni kwamba si kila programu inayofungua faili huonyesha tabaka hilo lote. Wakili anaweza kuandika maoni kumi pembeni mwa mkataba, lakini mteja akaufungua ndani ya programu ya ujumbe kwenye simu na asione hata moja. Dawa yake ni kuyagandisha maoni kabla ya kutuma, ili yawe sehemu ya ukurasa. Programu isiyo na uwezo huo haimfai mtu ambaye kazi yake husomwa na wengine.

Kwa kuweka alama, mwenye kishikwambi aanze na alichonacho. iPad ina zana za kuchora na kuandika ndani ya programu yake ya Files, na tangu toleo la mfumo la mwaka 2025 imeongezewa Preview, iliyozoeleka kwa miaka mingi kwenye kompyuta za Mac. Vishikwambi vya Samsung vina Samsung Notes, inayoingiza PDF, kuiandikia kwa mkono na kuitoa tena ikiwa PDF. Galaxy Tab S6 Lite, iliyotoka mwaka 2020, iliuzwa na kalamu yake ndani ya kasha, jambo la maana kwa anayehesabu shilingi, kwa sababu kwa iPad kalamu hununuliwa kando. Kwa vishikwambi vingine vya Android, Adobe Acrobat Reader hutoa bure rangi, maoni, kujaza fomu na saini ya kuchora. Xodo, iliyoundwa Vancouver nchini Kanada, ilijipatia jina kwa wepesi wa kuandika kwa kalamu, ingawa leo baadhi ya kazi zake zinalipiwa.

Wanafunzi wana haja yao. Wanataka daftari na kitabu vikae pamoja, kwa hiyo wenye iPad hupenda Notability na GoodNotes. Hizo ni nzuri kwa mihadhara, lakini zihukumiwe kwa namna zinavyotoa kazi nje. Maandishi yakibaki katika umbo linalosomeka na programu moja tu, mwanafunzi anakuwa mpangaji katika daftari lake mwenyewe. Novemba 2021 Notability, iliyokuwa ikinunuliwa mara moja, ilitangaza kuhamia malipo ya kila mwaka. Watumiaji wa zamani walilalamika vikali, na kampuni ikalegeza msimamo ndani ya siku chache na kuwaachia walichokwisha kukilipia. Somo kwa anayenunua leo ni kuhifadhi kila kazi muhimu ikiwa PDF ya kawaida, nje ya programu iliyoiandika.

Kazi ya tatu, ya kubadilisha hati, ndiyo inayotenganisha programu imara na dhaifu. Foxit na toleo la kulipia la Acrobat zina zana hizo. Kwa iPad kuna PDF Expert ya kampuni ya Readdle, iliyoanzia Odesa nchini Ukraine. Kipimo kizuri cha kuzipima kiko karibu sana na Chaka, katika tahajia ya Gĩkũyũ. Ili faili iwe nyepesi, PDF nyingi hubeba umbo la zile herufi tu zilizotumika ndani yake. Hati iliyochapwa kwa Kiingereza au Kiswahili haina ĩ wala ũ. Karani anayetaka kurekebisha jina la kijiji au la marehemu katika ratiba ya mazishi huandika ũ na kuona kisanduku kitupu, au herufi ya mtindo mwingine iliyochomoza kati ya wenzake. Programu nzuri hutafuta fonti inayofanana na kuibadilisha bila kuharibu mstari. Mtihani huo mmoja, wa kuandika Gĩkũyũ ndani ya hati ya Kiswahili, unaeleza mengi kuliko ukurasa mzima wa matangazo.

Mara nyingi, hata hivyo, jibu bora ni kutorekebisha PDF kabisa. Aliyetuma mkataba bado ana hati ya Word iliyouzaa. Kumwomba abadilishe kule na atume PDF mpya huchukua dakika chache, hakugharimu chochote, na kunaacha historia iliyo wazi ya nani alibadilisha nini. Katika mkataba wa shamba, uwazi huo ni ulinzi wa familia nzima.

Kuna pia faili zinazoitwa PDF ilhali ni picha za karatasi tu. Hatimiliki ya zamani iliyopigwa picha kwa simu haina herufi hata moja ndani yake, ina nukta za rangi. Kutafuta jina ndani yake hakuleti kitu mpaka programu isome picha na kuigeuza maandishi. Kazi hiyo ya utambuzi wa maandishi imekuwa nzuri kwa herufi zilizochapwa, lakini ĩ na ũ mara nyingi husomwa i na u, na namba za viwanja zilizofifia huweza kugeuka. Tarakimu yoyote iliyotoka kwenye utambuzi huo ilinganishwe na karatasi asilia kwa macho kabla ya kuingia kwenye mkataba.

Kuhusu saini, Wakenya wengi wamepumbazwa na urahisi. Sheria ya marekebisho ya sheria za biashara ya mwaka 2020 ilifungua mlango kwa saini za kielektroniki, hata katika mikataba ya ardhi. Lakini saini inayotajwa hapo ni ile ya kiwango cha juu, inayotegemea cheti kutoka kwa mtoa huduma mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Cheti hicho huifunga saini na maudhui ya faili, kiasi kwamba mtu akibadilisha tarakimu moja baadaye, programu inaonya kuwa hati imeguswa. Mchoro wa kidole uliobandikwa chini ya ukurasa hauna ulinzi huo, kwa kuwa yeyote anaweza kuunakili na kuubandika kwingine. Unafaa kwa fomu ya safari ya shule au risiti ya chama. Kwa mauzo ya ardhi, sheria ya mikataba bado inataka maandishi, saini ya kila upande na shahidi aliyekuwepo, na wosia haumo kabisa katika ruhusa ya saini za kielektroniki. Anayeuza urithi wa wazazi wake amwone wakili.

Usiri nao haufai kuachwa kwa bahati. Agosti 2019 wataalamu wa kampuni ya Kaspersky walikuta programu hasidi ndani ya sehemu ya matangazo ya CamScanner ya Android, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100. Google iliiondoa dukani hadi iliposafishwa. Miezi michache kabla, mwezi Januari, mawakili wa Paul Manafort, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Donald Trump, walipeleka mahakamani PDF yenye mistari myeusi juu ya sehemu za siri. Waandishi wa habari waliyanakili maandishi yaliyokuwa chini ya weusi na kuyabandika kwingine, na siri zote zikasomeka. Kuchora kiboksi cheusi juu ya namba ya kitambulisho hakuifuti. Programu lazima iwe na zana ya kufuta kabisa kilichofunikwa. Isipokuwepo, njia salama ni kuchapisha ukurasa, kufunika namba kwa wino mzito na kuupiga picha upya.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawabana pia wafanyabiashara wadogo wanaoshika vitambulisho na namba za kodi za KRA za wateja. Kwa hiyo ajenti wa ploti anapaswa kujua kama programu yake inafanya kazi ndani ya kishikwambi au inaipeleka kila faili kwenye kompyuta za nchi nyingine kwanza. Njia rahisi ya kujua ni kuzima data na Wi-Fi, kisha kujaribu kufungua faili, kuiandikia na kuihifadhi. Programu inayokwama hapo haiwezi kutegemewa shambani, ambako mtandao hupotea, na inakula bando bila sababu.

Bei ije mwisho. Kwa asiye na kadi ya benki, M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa mwaka 2022, hutoa kadi ya Visa ya mtandaoni inayokubalika katika maduka mengi ya programu. Programu nyingi za kulipia hutoa siku za kujaribu bure, na zikipita bila mteja kusitisha, ada, mara nyingi ya mwaka mzima, hukatwa. Tarehe ya kusitisha iandikwe kwenye kalenda siku ileile ya kujisajili.

Siku hizo za majaribio zitumike kwa hati halisi ya mtumiaji, kama mkataba wenye kurasa nyingi, fomu moja na picha ya karatasi ya zamani. Aandike maoni, ajaze, arekebishe jina lenye ũ, aondoe ukurasa mmoja. Kisha aitume kwa mtu mwenye simu ya bei nafuu, na kwa mwingine mwenye kompyuta ya ofisi, awaulize wanaona nini hasa. Wakiona kila alama mahali pake, programu hiyo inafaa kufikiriwa. Wasipoziona, asitishe usajili na kuifuta programu kabla ya siku za bure kwisha na kujaribu inayofuata, akianza na zile ambazo kishikwambi chake tayari kinazo bila malipo.